Gamba Osaka 2012: Walifunga kuliko wote, wakashuka daraja

Ukiuchukua msimamo wa mwisho wa ligi kuu ya Japani wa mwaka 2012, ukaufunika upande wa alama na kuacha safu ya mabao ya kufunga peke yake, Gamba Osaka ndio wa kwanza. Mabao 67 katika mechi 34. Mabingwa Sanfrecce Hiroshima walifunga 63. Hakuna timu nyingine iliyofikisha 60.

Sasa funua upande wa alama. Gamba ni wa 17 kati ya timu 18. Wameshinda mechi 9, sare 11, wamepoteza 14, alama 38. Timu tatu za mwisho zilishuka moja kwa moja, bila mechi za mchujo, na wao wakawamo. Walishuka wakiwa na tofauti ya mabao ya kujumlisha 2, jambo ambalo hata kulisimulia kijiweni utaambiwa umekosea kusoma.

Kisa hiki kimezoeleka kuelezwa kwa sentensi moja: walifunga sana, wakafungwa sana. Ni kweli, walifungwa 65, na waliofungwa zaidi yao ni Consadole Sapporo tu, waliobeba kapu la mabao 88 na kumaliza na alama 14. Lakini sentensi hiyo haitoshi. Timu yenye tofauti ya mabao kama ya Gamba kwa kawaida hukaa katikati ya msimamo. Msimu uleule, Kawasaki Frontale walimaliza na kujumlisha 1 wakapata alama 50, nafasi ya 8. Nagoya Grampus walimaliza na kutoa 1 wakapata alama 52, nafasi ya 7. Gamba, kwa mizani hiyohiyo ya mabao, wakaambulia 38. Alama kumi na mbili hadi kumi na nne zilivuja mahali fulani, na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Kwa maoni yangu zilianza kuvuja kabla hata mpira wa kwanza wa msimu haujapigwa.

Mwaka mmoja nyuma, Gamba walikuwa wanawania ubingwa hadi siku ya mwisho. Msimu wa 2011 walimaliza wa tatu na alama 70, nyuma ya Nagoya wenye 71 na Kashiwa Reysol wenye 72, waliotwaa ubingwa mwaka uleule waliopanda daraja. Gamba walifunga mabao 78. Kocha alikuwa Akira Nishino, aliyeishika timu tangu 2002. Miaka kumi, na ndani yake ubingwa wa ligi wa 2005, Kombe la Ligi 2007, Ligi ya Mabingwa ya Asia 2008, na Kombe la Mfalme mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Desemba 2008, kwenye Klabu Bingwa ya Dunia, walipokea vitano kutoka kwa Manchester United ya Ferguson, wao wakarudisha vitatu. Mechi ile ndiyo Gamba ya Nishino kwa ukamilifu wake: nyuma mlango wazi, mbele hawakamatiki.

Hata 2011 walifungwa mabao 51, mengi mno kwa timu inayotaka ubingwa. Nishino alijenga timu ya kushambulia na akakubali gharama yake, kwa kuwa alijua atafunga zaidi ya atakachofungwa. Mfumo wa namna hii hauna akiba. Unahitaji mtu anayeujua kuuendesha, na washambuliaji wasiopoteza nafasi. Majira ya baridi ya mwaka ule klabu ikavipoteza vyote viwili.

Tuanze na kocha. Mkataba wa Nishino ulipokwisha, klabu ikaamua kutouendeleza. Uamuzi wenyewe sio kichaa. Miaka kumi ni mingi kwa kocha yeyote, na timu ilikuwa inazeeka. Yasuhito Endo, ubongo wa kiungo, alikuwa anatimiza miaka 32, na Tomokazu Myojin 34. Tatizo ni waliyemtaka achukue nafasi. Walimtaka Wagner Lopes, Mbrazili wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Japani na kuichezea timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la 1998. Ndiye aliyemtengea Masashi Nakayama kwa kichwa bao la kwanza kabisa la Japani kwenye Kombe la Dunia, dhidi ya Jamaika. Jina linalopendwa, mtu anayeijua nchi. Ila kuwa kocha mkuu wa timu ya J1, yaani ligi kuu, kunahitaji leseni ya daraja la S ya chama cha soka cha Japani, au ya nje inayokubaliwa kuwa sawa nayo, na Lopes hakuwa nayo.

Hapa ndipo klabu ingetakiwa kurudi mezani na kutafuta kocha mwingine. Badala yake ikatafuta leseni. Akaletwa José Carlos Serrão, Mbrazili mwenye umri mkubwa na vyeti vinavyohitajika, akapewa cheo cha kocha mkuu, na Lopes akawekwa chini yake kama msaidizi. Kwenye karatasi kila kitu kikawa halali. Kwenye uwanja wa mazoezi, sijui mchezaji mwenye akili zake angemwangalia nani pale maelekezo yanapotolewa: mwenye cheo, au yule ambaye kila mtu alijua ndiye aliyetakiwa tangu mwanzo? Timu ilikuwa imezoea sauti moja kwa muongo mzima, ikapewa mbili, tena zote ngeni.

Washambuliaji nao. Lee Keun-ho, Mkorea aliyeifungia Gamba mabao 15 mwaka 2011, alirudi kwao kujiunga na Ulsan Hyundai. Mwenzake Kim Seung-yong akaenda Ulsan vilevile. Mbrazili Adriano alikwishaondoka katikati ya 2011 kwenda Qatar, na kijana wa nyumbani Takashi Usami akachukuliwa na Bayern Munich. Nyuma, beki wa kati Satoshi Yamaguchi, aliyekaa klabuni tangu 2001, akahamia JEF United Chiba ya daraja la pili. Kiungo Hideo Hashimoto, mmoja wa waliokuwa wakiziba nyufa za mfumo ule, akaenda Vissel Kobe. Aliyeingia mwenye uzito ni Yasuyuki Konno kutoka FC Tokyo, mchezaji wa timu ya taifa anayecheza beki wa kati au kiungo wa chini. Usajili mzuri, lakini mtu mmoja.

Ligi ilifunguliwa tarehe 10 Machi. Siku nne kabla, kwenye Ligi ya Mabingwa ya Asia, Gamba walikuwa wamechapwa 3-0 nyumbani na Pohang Steelers. Kisha wakapoteza mechi ya kwanza ya ligi, ya pili, na ya tatu. Katikati yake wakafungwa tena 2-0 na Adelaide huko Australia. Mechi tano, vipigo vitano. Tarehe 26 Machi kibarua cha Serrão kikaota nyasi, na Lopes akaondoka naye. Mpango mzima uliozungushwa miezi mitatu ili kumpata Lopes ukadumu mechi tatu za ligi.

Timu akakabidhiwa Masanobu Matsunami, mshambuliaji wa zamani wa Gamba aliyekuwa kwenye benchi la ufundi. Leseni alikuwa nayo. Uzoefu wa kuwa kocha mkuu hakuwa nao. Ninamwonea huruma kidogo, kwa sababu lawama nyingi za msimu ule zimebaki na jina lake, wakati alipewa kikosi asichokisajili, maandalizi asiyoyafanya, na msimu uliokwishaanza kwa mguu mbaya. Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho hakukirekebisha kwa miezi minane aliyokuwa nayo, nacho ni mabao ya kufungwa.

Nusu ya kwanza ya msimu Gamba walijikongoja eneo la kushuka. Dirisha la katikati ya msimu lilipofunguliwa klabu ikamrudisha Leandro, Mbrazili aliyewahi kuichezea mwaka 2009 kabla ya kwenda Al-Sadd ya Qatar. Huyu hakuhitaji kuzoea. Alifunga mabao 14 katika nusu msimu, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi nzima. Akihiro Ienaga, aliyekulia klabuni, akaja kwa mkopo kutoka Mallorca. Kuanzia hapo mashambulizi yakarudi kama enzi za Nishino. Septemba walikwenda Saitama, nyumbani kwa Urawa Reds, timu iliyokuwa juu ya msimamo na ambayo ingemaliza ya tatu, wakawafunga 5-0. Ukiiangalia mechi ile bila kujua msimamo ungedhani wanaowania ubingwa ni wageni.

Ushindi wa 5-0 unatoa alama tatu. Ushindi wa 1-0 nao unatoa tatu. Toa mechi ya Saitama tu kwenye hesabu, na ile tofauti ya kujumlisha 2 inageuka kutoa 3. Mabao ya Gamba yalikuja kwa mafungu, siku ambazo mawili tu yangetosha. Siku walizohitaji bao moja la kulinda, hawakuweza kulilinda. Sare 11 ndizo zinazosema zaidi kuliko vipigo 14. Wiki moja kabla ya mwisho wa ligi, nyumbani Banpaku kule Suita, walitoka 2-2 na FC Tokyo, timu isiyokuwa na cha kupigania. Mabao mawili nyumbani, katika mechi ya kufa na kupona, yakanunua alama moja.

Linganisha na Albirex Niigata. Niigata msimu ule walifunga mabao 29. Hayafiki bao moja kwa mechi. Gamba waliwazidi kwa mabao 38. Lakini Niigata walifungwa 34 tu, sawa na mabingwa Hiroshima, na timu inayofungwa bao moja kwa mechi inahitaji bahati kidogo tu kupata kitu. Walipata alama 40. Ndizo zilizotosha kubaki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Desemba. Ubingwa ulikuwa umekwisha kuamuliwa wiki iliyotangulia, Hiroshima ya kocha Hajime Moriyasu wakiubeba kwa mara ya kwanza katika zama za J.League. Sapporo walikuwa wameshashuka siku nyingi. Zilibaki nafasi mbili za kwenda chini na timu tatu: Kobe alama 39, Gamba 38, Niigata 37. Gamba walikuwa ugenini kwa Júbilo Iwata. Kobe walikuwa nyumbani na Hiroshima. Niigata walikuwa nyumbani na Sapporo, yaani wenye kazi nyepesi kuliko wote walikuwa wale wa chini kabisa.

Hesabu ya Gamba haikuwa ngumu: wakishinda wanafika 41, na Niigata hata akishinda anaishia 40. Lakini hata ushindi haukuwa dhamana, kwa kuwa Kobe wakishinda wangefika 42. Sare ingewaacha wakiomba Kobe wafungwe na Niigata wasishinde, na kuomba Sapporo wazuie mtu msimu ule ilikuwa kupoteza pumzi.

Mechi ikaanza vibaya mapema kabisa. Ryoichi Maeda akaifungia Iwata, na jina la mfungaji likawatia kichefuchefu mashabiki wa Gamba kuliko bao lenyewe. Japani nzima ilikuwa inaujua mkosi wa Maeda: timu anayoifunga bao lake la kwanza la ligi katika msimu, hiyo inashuka daraja. Ilianza na Ventforet Kofu 2007, ikafuata Tokyo Verdy 2008, JEF Chiba 2009, Kyoto Sanga 2010, Montedio Yamagata 2011. Miaka mitano mfululizo bila kukosea. Na 2012, bao la kwanza la Maeda lilikuwa ndani ya nyavu za Gamba. Sasa huyuhuyu anawafunga tena siku ya mwisho.

Kuhusu mkosi niseme neno moja kisha tuuache. Timu zinazoruhusu mabao kirahisi mwanzoni mwa msimu ndizo hizohizo zenye nafasi kubwa ya kushuka, kwa hiyo mshambuliaji hodari kuanzia kwao sio ajabu sana. Miaka sita mfululizo ni ajabu, nakubali. Mwaka uliofuata aliwafunga Urawa, Urawa wakabaki salama, na walioshuka wakawa Iwata wenyewe.

Kipindi cha pili Shu Kurata akasawazisha. Iliyofuata ni picha ya msimu mzima ndani ya dakika thelathini na kitu: Gamba wanahitaji bao, wanapanda wote, wanaacha uwanja nyuma yao. Dakika za lala salama Iwata wakaadhibu, 2-1. Niigata wakawachapa Sapporo 4-1. Kobe wakafungwa 1-0 na mabingwa. Filimbi ilipolia viwanja vyote vitatu, Niigata 40, Kobe 39, Gamba 38. Aliyekuwa wa mwisho kati ya watatu ndiye aliyepona.

Endo na Konno, watu waliokuwa wakianza karibu kila mechi ya timu ya taifa ya Japani, walikuwa wameshuka daraja. Na wiki tatu kabla, tarehe 10 Novemba, Ulsan Hyundai walikuwa wamechukua Ligi ya Mabingwa ya Asia kwa kuwafunga Al-Ahli ya Saudia 3-0. Lee Keun-ho alikuwa uwanjani, na mwaka ule akatangazwa mchezaji bora wa Asia. Bao la pili la fainali lilifungwa na Rafinha, Mbrazili ambaye Gamba walimwacha aende Ulsan katikati ya msimu huohuo. La tatu lilifungwa na Kim Seung-yong. Watatu hao wote walikuwa kwenye kikosi cha Gamba mwaka 2011.

Na Nishino? Mei 2012 alichukuliwa na Vissel Kobe, jirani kabisa na Osaka, timu ileile aliyokwenda Hashimoto. Novemba akatimuliwa, mechi chache kabla ya mwisho. Kobe wakashuka pamoja na Gamba. Wanaosema kwamba Gamba wangebaki na Nishino wasingeshuka wana la kujibu hapo. Mimi bado naamini wasingeshuka, lakini siyo kwa sababu Nishino alikuwa na dawa ya kila timu. Ni kwa sababu kikosi kile kilikuwa mfumo wake, na hakuna aliyekuja baada yake aliyeamua ama kuuendesha ama kuuvunja. Ukimwondoa kocha wa miaka kumi, mrithi wake anatakiwa awe mtu, na Gamba walimweka cheti.

Tarehe 1 Januari 2013, mwezi kamili baada ya Iwata, Gamba walicheza fainali ya Kombe la Mfalme kwenye Uwanja wa Taifa, Tokyo. Timu ya daraja la pili mtarajiwa, ikiwa mechi moja tu mbali na kufuzu Ligi ya Mabingwa ya Asia. Wakafungwa 1-0 na Kashiwa Reysol.

Akaletwa Kenta Hasegawa, aliyewahi kuifundisha Shimizu S-Pulse. Endo na Konno hawakukimbia. Walicheza daraja la pili huku wakiitwa timu ya taifa. Mwaka 2013 Gamba waliitawala J2 kwa mabao 99 katika mechi 42 na kuchukua ubingwa kwa alama 87. Usami alirudi kutoka Ujerumani katikati ya msimu, akafunga 19. Mashabiki wakasema timu imerudi, na kwa upande wa mbele ilikuwa kweli. Mimi ningengoja niione nyuma.

Kwa ajili ya nyuma, kabla ya 2014 Hasegawa alimchukua kipa Masaaki Higashiguchi kutoka Albirex Niigata. Ligi iliposimama kupisha Kombe la Dunia la Brazil, Gamba walikuwa wa 16, na watu wakaanza kukumbuka 2012. Kisha timu ikatulia. Hasegawa alitaka viungo wakimbie kurudi, mabeki wasiachwe peke yao, na Usami na Patric wamalize kazi mbele kwa nafasi chache. Walimaliza msimu wakiwa wamefunga 59, mabao 8 pungufu ya yale ya mwaka walioshuka. Waliyofungwa ni 31, hata nusu ya 65 haifiki.

Mwaka huo walichukua Kombe la Ligi, Kombe la Mfalme na ubingwa wa ligi kwa alama 63, moja zaidi ya Urawa, na Endo akawa mchezaji bora wa msimu. Siku ya mwisho walikuwa ugenini kwa Tokushima Vortis, waliokwishashuka. Waliubeba ubingwa kwa sare ya 0-0.